Kompyuta Haiwaki? Anza na Umeme

Msikilizaji, umeme ulikatika usiku. Asubuhi umerudi, lakini kompyuta yako ya mezani haiwaki. Usikimbilie kwa fundi. Anza na umeme.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu inachaji? Basi soketi ni nzima. Sasa angalia nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia. Mara nyingi pana swichi ndogo, na watoto huipenda sana. Iwashe.

Bado? Nakwambia tena, anza na umeme. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha uchomeke na kuiwasha tena. Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, kaza waya wa skrini.

Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa mara moja. Hapo mwite fundi.