Kutoka Kiunga hadi Pembezoni: Msamiati wa Kando ya Mji katika Dar es Salaam



Mfasiri akutanaye na neno la Kiingereza "outskirts" aghalabu huandika "pembezoni", kisha akaendelea na kazi yake. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba uteuzi huo una uzito, hususan unapowahusu wakazi wa Tandale, Mbagala au Bunju.

Tuanze na asili. Neno hilo la Kiingereza limejengwa juu ya "skirt", jina la vazi lenye chimbuko katika lugha ya kale ya Skandinavia. Upindo wa vazi ndio ulioazimwa kuitaja kando ya mji. Katika Kiswahili maana ilisafiri kinyume chake. Kanga ina pindo, mji na jina: pindo, litokanalo na kitenzi pinda, huizunguka nguo, mji ni uwanja wa katikati, jina ni yale maneno yake. Waingereza waliazima nguo ili kuutaja mji. Waswahili waliazima mji ili kuitaja nguo. Nayo kanga isiyo na pindo si kanga tena, ni kitambaa tu.

Kiswahili kina pia neno kiunga. Hapo awali kiunga ni shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji; kwa kupanuka kwa maana, viunga vikawa makazi ya kando ya mji. Kwa umbo, neno hili lakaribiana na kitenzi unga, yaani kuunganisha. Kiunga, basi, ni mahali panapoulisha mji na kushikamana nao.

Ama pembezoni, mzizi wake ni pembe, nao hauna kosa: nyumba nyingi zina pembe. Lakini matumizi yameligeuza neno. Aliyewekwa pembeni ametengwa, na katika lugha ya sera "makundi ya pembezoni" ni watu waliosahauliwa. Kwa hiyo neno linapotajwa kuhusu mtaa, halipimi masafa peke yake. Masaki imo kwenye rasi, bahari ikiwa jirani yake, na iko mbali zaidi na Kariakoo kuliko Tandale. Hata hivyo ni nadra kumsikia mtu akiiita Masaki pembezoni. Zote mbili zimo katika Wilaya ya Kinondoni.

Aidha, kando ya mji haitulii mahali pamoja. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitengwa na sehemu za Wazungu na Wahindi kwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Leo mkazi wa Mbagala Rangi Tatu, ambaye kiutawala yumo katika Mkoa wa Dar es Salaam, hupanda gari kwenda huko huko Kariakoo akisema, "Naenda mjini."

Barabara ya Morogoro nayo ina Kimara Mwisho, na mbele yake ikaja Mbezi Mwisho. Mwisho mmoja umeupita mwingine, na majina yamebaki kama alama za mahali mji ulipowahi kukoma. Huko Mbezi ndiko kilikofunguliwa, mwaka 2021, kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Paitwapo mwisho pamekuwa lango. Jiji lililokuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya mwaka 1967 lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022. Wengi wao hawakai katikati. Tukiwaita wote watu wa pembezoni, tutakuwa tumeliita jiji lenyewe pembezoni.

Pendekezo langu ni hili. Tunapotaja mahali, tuseme viunga. Neno pembezoni tulihifadhi kwa ajili ya hali ya kusahauliwa, na kila litumiwapo liandamane na swali: ni nani aliyewaweka hapo? Mtaa usiofikiwa na maji ya bomba, wala gari la taka, haukosi huduma hizo kwa sababu uko mbali. Tandale haiko mbali. Lugha ikificha jambo hilo, mwenye dhamana hupata udhuru ambao jiografia haikumpa.