Karakana ya Mchongaji na Istilahi za Sanaa: Mfano wa Wamakonde



Mhadhara huu unahusu maneno mawili, shetani na ujamaa, kama yanavyotumika katika uchongaji wa kisasa wa Wamakonde.

Horohoro ni mpaka wa nchi mbili. Hata hivyo, Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata mkonge walienea pande zote mbili, Tanga na Kwale. Wale wa Kwale walitembea kwa miguu hadi Nairobi mwezi Oktoba 2016 wakidai uraia, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Pamoja na tezo na patasi, watu hawa walibeba msamiati.

Anayemtembelea mchongaji mzee humkuta akiligeuzageuza gogo la mpingo kabla ya kulikata, kwani mara nyingi mapindi ya mti ndiyo yanayoamua umbo. Weupe wa nje ukiondolewa, kiini cheusi hujitokeza. Mgeni akiuliza kinachongwa nini, hujibiwa: shetani. Hapa mwanaisimu hana budi kutulia. Katika dini, neno hili lenye asili ya Kiarabu humtaja adui wa Mungu. Kwa mchongaji, hutaja jamii nzima ya viumbe wa porini na majini, wengine wakali, wengine wachekeshaji tu. Mtindo huo huhusishwa na Samaki Likankoa, aliyechonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950.

Neno la pili lina historia tofauti. Roberto Yakobo Sangwani alichonga mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake, na mtindo huo ukaitwa dimoongo, yaani nguvu. Siasa ya Ujamaa iliposhamiri baada ya Azimio la Arusha la 1967, nguzo za watu waliobebana zikaitwa ujamaa. Jina jipya liliitangaza sanaa hiyo duniani, lakini lilimfunika yule mshindi.

Kwa hiyo, istilahi za sanaa haziwezi kukusanywa kutoka katika orodha za maduka na makumbusho pekee. Watoto wengi wa wachongaji hukulia katika Kiswahili. Neno la Kimakonde lisiloandikwa mzee akiwa hai huzikwa naye. Mwanafunzi aendapo karakana na achukue daftari, na kabla ya kuuliza maana ya sanamu, aulize mwenyewe anaiitaje.