Ziulizeni Nyuzi Kabla ya Kusoma Logi



Sitaeleza mchakato ni nini wala uzi ni nini. Walioketi mbele wanafundisha hayo, na walioko nyuma wameyafanyia mtihani. Nimekuja kupinga rai inayozidi kuota mizizi: kwamba kitatuzi (debugger) hakina kazi tena, na mwandishi makini wa programu anatosheka na kuchapisha ujumbe hapa na pale kisha kusoma logi. Rai hii ina wazee wake. Mwaka 1979 Brian Kernighan aliandika kwamba hakuna chombo kinachoshinda kufikiri vizuri kukisaidiwa na amri za kuchapisha zilizowekwa mahali pake. Namheshimu sana Kernighan. Lakini aliwaandikia wanaoanza Unix, enzi ambayo programu ya kawaida ilitenda jambo moja baada ya jingine. Kuichukua kauli ile na kuivisha seva yenye nyuzi mia mbili ni kumdhulumu yeye na seva pia.

Tuitazame rai hiyo inavyoshindwa. Programu imeganda: haijafa, haili kichakataji, haijibu. Uzi uliolala ukisubiri kufuli hauchapishi kitu. Logi inawaonyesha nyuzi zilizosema, nanyi mnazitafuta zilizonyamaza. La pili ni baya zaidi. Katika maktaba sanifu ya C, matokeo yanayoelekezwa kwenye faili hukusanywa kwanza katika bafa, ikijaa ndipo yaandikwe. Programu ikiganda, mistari ya mwisho hubaki ndani. Logi inasema uzi uliishia hatua ya tatu, kumbe ulifika ya saba! Tena printf yenyewe hushika kufuli la mkondo inaouandikia. Mgonjwa anaumwa makufuli, nanyi mmemwongezea jingine.

Hujibiwa kwamba kitatuzi nacho huvuruga mwendo wa programu. Kweli, na kwa kosa linalotokana na nyuzi kuwahiana kwenye data moja, nakubali: kusimamisha uzi kunaweza kulificha. Lakini nyuzi zilizofungana haziendi popote. Unaweza kwenda kula ukarudi, utazikuta palepale.

Niliwahi kuitwa kwenye taasisi moja ambayo mfumo wake wa malipo uliganda kila mwisho wa mwezi. Vijana wake hodari walikuwa wakiongeza logi, wakiuwasha upya, wakingoja ugande tena. Niliomba usiwashwe. Tukakiambatisha kitatuzi cha GDB kwenye mchakato uleule na kuandika info threads: karibu nyuzi zote zilikuwa zimekaa kwenye fremu moja, ya kusubiri kufuli. Amri ya thread apply all bt ikatupa mlolongo wa miito wa kila uzi, na humo makufuli mawili yakawa yanajirudia. Sasa, katika glibc kufuli la pthread hubeba sehemu iitwayo __owner, yenye namba ya uzi unaolishikilia, namba ileile ambayo info threads huiandika kando ya herufi LWP. Tukachapisha ya kufuli la kwanza: limeshikwa na uzi unaosubiri la pili. Tukachapisha ya la pili: limeshikwa na uzi unaosubiri la kwanza. Logi isingeweza kusema hivyo, kwa sababu hapakuwa na uzi hata mmoja uliojua.

Pana mtego mmoja. Kitatuzi kikishaambatishwa na kusimamisha mchakato, Linux huandika hali ya nyuzi zake kuwa t, yaani zimesimamishwa na mfuatiliaji, na habari ya nani alikuwa amelala na nani alikuwa mbioni hufutika. Kwa hiyo isomeni hali hiyo kwenye /proc kwanza.

Na hiyo /proc tunayo kwa hisani ya Tom Killian wa Bell Labs. Karatasi yake, Processes as Files, aliyoitoa kwenye mkutano wa USENIX, Salt Lake City, mwaka 1984, ningependa kila mwanafunzi wangu aisome mara mbili. Kabla yake, mwito wa ptrace ulimruhusu mzazi kumchungulia mwanawe tu, tena kwa kuchota kumbukumbu neno mojamoja. Killian akaufanya kila mchakato kuwa faili: unaifungua, unasogea hadi anwani uitakayo, unasoma. Ruhusa za faili zikawa ndizo ulinzi. Hakubuni lugha mpya ya kuuliza. Alitumia vitenzi ambavyo kila programu ya Unix ilikwisha kuwa navyo. Naiona kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa katika fani yetu.

Linux imejenga juu ya wazo hilo. Kila uzi una folda yake chini ya task, ndani ya folda ya mchakato, na faili ya status humo ina mstari ninaoupenda kuliko yote, voluntary_ctxt_switches: idadi ya mara ambazo uzi umeachia kichakataji kwa hiari. Isomeni, ngojeni kidogo, isomeni tena. Ikipanda, uzi unaamka na kulala. Isipopanda na hali ikawa S, yaani umelala, haujaamka kabisa. Hali ikiwa R, yaani uko mbioni, huku ndugu yake, nonvoluntary, akipanda, huenda huo unazunguka bure.

Ndiyo maana napendekeza maabara ya kwanza ya somo la mifumo endeshi ibadilishwe. Mwanafunzi apewe programu iliyoganda na kitatuzi, bila msimbo chanzo. Aandike jedwali: kila uzi, hali yake, kufuli unalosubiri, na nani analishikilia. Msimbo apewe baada ya jedwali kukamilika.