Baada ya Cheti, Vifaa



Sisi tunaotunza vitabu vya Umoja tumezoea kuwasomea jinsi ada za vijana zilivyotumika. Leo tuzungumzie kinachofuata baada ya ada.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa ushirikiano na Sweden, ili mwananchi apate ujuzi wa kumfaa hapo alipo: useremala, uashi, ushonaji, kilimo na mifugo. Kwa hiyo tukihesabu wahitimu wenye mshahara peke yao, tunakosea hesabu. Binti mwenye cherehani sokoni hana mwajiri, lakini ananunua nyuzi kwa jirani, analipa pango na ushuru, na anamfundisha mwenzake. Shilingi yake inazunguka hapahapa nyumbani.

Tulipokosea ni hapa. Tumelipa ada, kijana amerudi na cheti, kisha anaazima randa. Fundi asiye na vifaa ni kibarua wa mwenye vifaa. Tuseme mlango mmoja unamlipa ufundi shilingi 60,000; akikodi mashine kwa 20,000, theluthi ya jasho lake imekwenda.

Na sisi tunaoishi mjini tuna deni. Tukijenga huku nyumbani tunakuja na mafundi wa mjini, tunawalipia nauli na malazi, na kijana tuliyemsomesha wenyewe anatutazama akiwa kijiweni.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, nusu ya harambee ya leo inunue vifaa. Visigawiwe bure; vikopeshwe kwa vikundi, na marejesho yanunulie vifaa wahitimu wa mwaka unaofuata. Pili, tuwasaidie vijana kuandika katiba na kusajili vikundi vyao, ili waweze kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tatu, kila anayejenga nyumbani aanze na fundi wetu, kwa mkataba wa maandishi. Akiharibu, arekebishe, akifanya vizuri, alipwe kwa wakati.

Daftari la marejesho tutalisoma hapa mwakani, mbele yenu wote, pamoja na majina ya sisi tuliojenga na mafundi tuliowapa kazi.