Kabogo, Mwenye Ziwa Aliyetaka Hongo

Leo, kutoka Kasongo na Kabambare, tunatelemka mashariki kwa ile njia ya zamani ya pembe za ndovu, mpaka ziwa Tanganyika. Aliyetoka huku kwetu Manyema na mzigo wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, alipaswa kuvuka maji, na maji yale yalikuwa na mwenyewe. Jina lake Kabogo.

Msitarajie joka lenye shingo ndefu. Katika habari walizoandika wasafiri wa wakati ule, Kabogo haonekani, anasikika. Novemba 1871, msafiri Stanley akikaribia Ujiji kutoka mashariki, alisikia ngurumo ya mbali, akauliza kama ni radi. Akajibiwa: huyo ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ya ziwa wenye mapango makubwa, na maji yakiingia humo hunguruma hivyo. Vyombo vingi, aliambiwa, vilipotelea pale. Ndiyo maana Waarabu na wenyeji, wakipita, walikuwa wakitupa ziwani vitambaa vya merikani na kaniki, na hasa ushanga mweupe. Aliyetoa alipita salama, bahili alizama.

Mwaka 1874 msafiri Cameron naye alipita chini ya rasi ya Kabogo, kusini ya Ujiji, pwani ya Tanzania ya leo. Yeye aliambiwa wakaao pale ni wawili, pepo na mkewe. Waongozaji wake wakasimama sehemu ya mbele ya mtumbwi, wakaweka ushanga juu ya kafi, wakamwomba mkubwa yule awape njia, kisha wakaumwaga majini.

Basi mmoja kaelekezwa magharibi, mwingine mashariki! Upande wetu, kaskazini ya Kalemie, upo mlima Kabobo. Nashuku majina hayo mawili yaligongana masikioni mwa wageni.

Lakini kinachonivutia mimi ni ule ushanga. Misafara iliyotoka Bagamoyo ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa wakuu wa Ugogo na Uha, kwa nguo na ushanga. Kabogo alidai malipo yaleyale. Kwa hiyo watu wa ziwani hawakumwona kama mnyama wa kuwindwa. Walimwona mtawala mwenye haki ya kutoza wapita njia. Na tusiwacheke. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na pepo za kusini-mashariki wakati wa kiangazi huinua mawimbi ya kuogofya hata meli, sembuse gogo lililochongwa.

Habari zote hizi zimeandikwa na Wazungu. Lakini Wamanyema wengi walihamia Ujiji, na wengine walirudi, huenda na masimulizi yao wenyewe. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyesimuliwa na babu zake juu ya Kabogo, ketini naye, msikilizeni, andikeni maneno yake kabla hajaondoka.