Njia Hulipiwa: Kutoka Hongo ya Misafara Hadi Mfuko wa Barabara Yetu

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya barabara, Marangu, Desemba



Mkutano uliopita ulitupa kazi ya kuchunguza pendekezo moja. Baadhi ya wanachama walitaka tuweke geti pale barabara yetu inapoiacha lami, na kila lori la ndizi, kila Noah, kila bodaboda na kila gari la watalii lilipe kabla ya kupita. Leo tunaleta majibu, na tunayaleta kabla bahasha hazijaanza kuzunguka, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayowaambia fedha mtakazotoa zitakwenda wapi.

Kwanza tuwatendee haki waliopendekeza. Walisema anayeichakaza barabara ndiye ailipie. Walisema pia kwamba majina yanayochangia kila mwaka ni yale yale, na watu wamechoka. Wakaongeza kuwa sisi wa Marangu geti tunalijua, maana wageni wa dunia nzima hulipa pale KINAPA kabla ya kuupanda mlima. Kama mlima una geti, kwa nini barabara isiwe nalo?

Swali ni zuri, na ni la zamani kuliko wote tuliopo hapa. Tukaona tulijibu kwa kuangalia wengine waliolipia njia walifanyaje, na iliishaje.

Tuanzie hapa hapa mlimani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapita Taita na kufika kwa jirani zetu wa Kilema, kwa Mangi Masaki. Ndiyo safari aliyoiona theluji ya Kibo. Aliporudi tena na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga, akitaka kuendelea hadi Unyamwezi, zawadi alizotakiwa kutoa zilimmalizia mzigo. Safari ikafia pale pale. Desturi ya kudai mali kwa apitaye iliitwa hongo, na ilijulikana katika njia zote za misafara. Kule Ugogo watawala walitoza hongo kwa sababu misafara yenye mamia ya watu ilikunywa maji ya nchi kavu na kula chakula cha wenyeji. Asili yake ilikuwa na haki ndani yake: umetumia chetu, tulipe.

Sasa jiulizeni neno hilo lina maana gani leo. Ukisema mtu amepokea hongo, hakuna anayefikiria njia wala maji. Anafikiria rushwa. Neno halikubadilika kwa bahati mbaya. Hongo haikuwa na kiwango kilichobandikwa mahali. Haikuwa na stakabadhi, na aliyelipa hakuona njia ikitengenezwa kwa alichotoa. Leo alidaiwa nguo mbili, kesho kumi, kwa kadiri ya macho ya anayedai. Malipo ya njia yasiyo na hesabu huishia kuwa rushwa, na lugha yetu yenyewe imeweka kumbukumbu hiyo.

Je, tuchague njia ya pili, yaani tajiri mmoja ajenge na wengine tupite bure? Hilo nalo limewahi kujaribiwa, tena pwani. Mwaka 1877 mwenye meli wa Uskoti, William Mackinnon, pamoja na mwenzake Thomas Fowell Buxton, walianza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, kwa ridhaa ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Fedha zilikuwepo na nia ilikuwepo. Lakini mbung'o waliwaua ng'ombe waliotegemewa kuvuta mikokoteni, na barabara isiyopitwa na magurudumu haina wa kuitunza. Kufikia 1881 kazi ilisimama ikiwa imekwenda kama maili 73, yaani kilometa 117 hivi. Ziwa Nyasa lilikuwa bado mbali sana. Vichaka vikaichukua tena.

Ndugu zetu, msiba huo tunaujua hata bila kusoma historia. Mfadhili huleta greda mara moja, tunapiga picha na kupiga makofi. Masika mbili zikipita, maji yamechimba katikati ya njia kama mfereji. Kujenga ni sherehe ya siku moja, lakini kutunza ni kazi ya kila mwaka, na kazi ya kila mwaka inataka fedha ya kila mwaka.

Waliolijua hilo mapema ni Waingereza nyumbani kwao. Mwaka 1663 Bunge lao liliruhusu tozo katika sehemu ya barabara kuu ya kaskazini, na baadaye zikaundwa bodi za wadhamini. Kila bodi ilipewa kipande cha barabara, geti lake na orodha ya viwango. Kufikia miaka ya 1830 bodi hizo zilikuwa kama 1,000, zikisimamia zaidi ya kilometa 30,000. Barabara zikawa bora na safari zikafupika.

Lakini geti lilikuwa na mdomo wake. Bodi nyingi zilikopa, na tozo ikaanza kuliwa na riba na mishahara ya walinzi kabla ya kufika kwenye kokoto. Huko Wales mageti yakazidi, hata mkulima aliyebeba chokaa ya kurutubisha shamba lake akawa analipa mara kadhaa katika safari moja. Kati ya 1839 na 1843 wanaume walivaa nguo za kike usiku na kuyavunja mageti kwa mashoka. Hawakuwa wezi. Walikuwa wakulima waliolipa wasione walichokilipia. Treni zilipokuja na kuchukua abiria na mizigo, bodi zikafa moja baada ya nyingine.

Desturi hiyo ya tozo ilivuka bahari ikafika kwetu. Mwaka 1931, miaka 50 baada ya barabara ya Mackinnon kusimama, Mombasa ilipata daraja la kuelea la Nyali. Kipande hicho kifupi ndicho kilichokiunganisha kisiwa na njia ya pwani ya kaskazini kuelekea Malindi, na aliyevuka alilipa. Daraja la zege lilikuja mwaka 1980. Katika miaka hiyo ya 1980 Kenya iliweka vituo vya tozo kwenye barabara kuu. Miaka ya 1990 ikaviacha na kutegemea ushuru katika lita ya mafuta, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1993.

Kwa sisi Watanzania, mfano ulio karibu ni Kigamboni, na wengi wenu mnaoishi Dar es Salaam mmeulipia kwa mikono yenu. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680. Lilifunguliwa Aprili 2016, na magari yakaanza kulipa mwezi uliofuata. Gharama yake iligawanywa kati ya NSSF, iliyobeba sehemu kubwa, na serikali. Tulitazame kwa jicho la hesabu. Fedha ya NSSF ni michango ya wafanyakazi, ni pensheni ya mtu. Kwa hiyo tozo ya pale ina mwenye mali anayejulikana, kiwango kimebandikwa, gari linapewa stakabadhi, na mwenda kwa miguu hapiti kwa pesa. Hayo ni mambo manne ambayo hongo haikuwa nayo hata moja.

Hata hivyo watu wa Kigamboni walilalamika miaka mingi. Walisema wao peke yao ndio wanaolipa kwenda kazini na kurudi, wakati wenzao wa upande wa pili wa jiji wanavuka Selander bila senti. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa. Mwaka huo huo Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilometa moja hivi, lilianza kutumika pale pale pwani, nalo halina tozo. Tunajifunza nini? Kwamba hata tozo halali, yenye stakabadhi, inauma ikimwangukia jirani mmoja kila siku huku mwingine akipita bure.

Sasa turudi kwenye geti letu. Tumelipima kwa vipimo vitatu.

La kwanza ni sheria. Barabara yetu ni ya umma na iko chini ya TARURA. Kikundi cha watu, hata kiwe na nia njema kama chetu, hakiwezi kufunga njia ya umma na kutoza bila idhini ya kisheria. Geti la KINAPA lina sheria nyuma yake. La kwetu lingekuwa na mti na kamba tu.

La pili ni haki. Mwenye gari amekwisha kulipa. Katika kila lita anayojaza Himo au Moshi mna ushuru wa Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Mama mwenye mikungu yake kumi ya ndizi, akitozwa na sisi tena kabla hajafika sokoni, atakuwa yule mkulima wa Wales na chokaa yake.

La tatu ni hesabu. Chukueni mfano. Tuseme geti linakusanya shilingi 20,000 kwa siku. Walinzi wawili wa zamu, mchana na usiku, wakilipwa shilingi 10,000 kila mmoja, fedha imekwisha. Hatujanunua kitabu cha stakabadhi, hatujajenga kibanda, na barabara haijapata hata toroli moja la moramu. Tungekuwa tumeajiri walinzi, basi.

Kwa hiyo kamati inashauri geti lisiwekwe. Lakini haishauri turudi kwenye kungoja mfadhili. Njia hulipiwa, kilichobaki ni kuamua nani analipa na kwa utaratibu gani. Na utaratibu wetu tunao tangu zamani, kwenye mfongo.

Wazee wetu waliyatoa maji msituni na kuyashusha kilometa nyingi mpaka kihambani bila mkopo na bila geti. Kila anayekunywa maji ya mfongo alitoka siku ya kuusafisha. Asiyetoka alitozwa faini, na asiyelipa faini alinyimwa zamu yake ya maji. Wote walimjua mzee anayesimamia, zamu ilikuwa ya wazi, na hesabu ilisomwa na maji yenyewe: yakifika, kazi imefanyika, yasipofika, kuna mtu wa kuulizwa. Msaragambo wa barabara ulifuata njia hiyo hiyo.

Tunaomba mkutano huu upitishe mfuko wa barabara wenye sura ya mfongo. Uwe na akaunti yake peke yake benki, yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mkazi wa hapa na si wa mjini. Fedha ya barabara isiguswe kwa msiba, kwa zahanati wala kwa sherehe, hata jambo liwe zuri namna gani. Kila robo mwaka karatasi moja ibandikwe ofisi ya kijiji na kusomwa makanisani: kimeingia nini, kimetoka nini, kimenunua nini. Kila mwaka mkutano huu uamue upya kama mchango uendelee, kiwango kiwe kipi, au uishe. Mchango usio na siku ya kuhojiwa huzeeka na kuwa hongo.

Tuseme tena kwa mfano: kaya 300, za hapa na za mjini pamoja, zikitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni 1.5 kwa mwezi na milioni 18 kwa mwaka. Asiye na shilingi atoe siku ya kazi, nayo iandikwe daftarini kwa jina lake kama fedha. Wenye magari ya watalii na malori tutawafuata ofisini kwao kuomba mchango kwa barua na stakabadhi, si barabarani kwa kamba.

Na fedha hiyo isianze na lami. Ianze na maji. Adui wa barabara ya mteremko ni maji yasiyo na pa kwenda. Kwa ushauri wa mhandisi wa TARURA, tuzibue mitaro kabla ya masika, tuweke kalavati mahali maji yanapokatiza njia, kisha moramu ishindiliwe kwenye mwinuko ambao gari la wagonjwa hushindwa kuupanda kila Aprili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipozibua mtaro utajenga barabara upya.

Ndugu zetu, bahasha zinazopita sasa zimeandikwa jina la mfuko, na ndani mna stakabadhi yenye namba. Msitoe bila kuichukua. Mkiona karatasi ya robo ya kwanza haijabandikwa ifikapo mwisho wa Machi, msitutumie salamu. Tusimamisheni njiani mtuulize. Waliotulea walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liko mezani, limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa huo bado ni mweupe.