Njia ya Udaktari kwa Mwanafunzi Aliye Ng'ambo

Jioni hii twataka kunena juu ya jambo linaloulizwa sana katika nyumba za Mchafukoge, tangu maduka ya mjini hata vizimba vya soko la Kariakoo. Mzazi amempeleka mwanawe kusoma Uganda, au Kenya, au Uingereza, naye mtoto ameleta habari kwamba ataka kuwa daktari. Je, ajitayarisheje huko aliko, hata siku ya kuomba nafasi chuoni asirudishwe mlangoni?

Safari hii si mpya. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922, na mafunzo ya uganga yakaanza huko mwaka 1924, wakati ambapo Tanganyika haikuwa na chuo cha kutoa madaktari. Kijana wa Dar es Salaam alipanda gari la moshi katika stesheni iliyo jirani na Mchafukoge, akapita Tabora hata Mwanza, kisha akavuka ziwa kwa meli. Alipofika hakutiwa mara moja katika uganga. Alisoma sayansi kwanza, na waliofaulu vema ndio waliochaguliwa kwenda kujifunza katika hospitali ya Mulago. Dakta Vedasto Kyaruzi alisomea udaktari huko Makerere. Mwaka 1950 alikuwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambacho nyumba yake ilikuwa New Street, yaani Mtaa wa Lumumba wa leo, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Wale wa zamani walikuwa na mlango mmoja, na kila mtu aliujua ufunguo wake. Leo milango ni mingi. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963, nacho ndicho asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kipo Bugando kule Mwanza, kipo cha KCMC Moshi, na vinginevyo. Lakini funguo za nyumbani na za ng'ambo si sawasawa, na hapo ndipo watoto wengi wanapokwama.

Twatoa mfano wa Fizikia. Vyuo vya udaktari vya Tanzania humtaka mwombaji wa kidato cha sita awe amefaulu masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Uingereza vyuo vingi huridhika na Kemia na Baiolojia pamoja na somo jingine lolote zuri. Kijana aliyeko huko huiacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu, akachukua Hisabati au hata Historia, na waalimu wake hawamkatazi, maana kwa kwao hana kosa. Tumemjua mmoja wa namna hiyo. Alipata alama za juu kabisa, lakini huko aliko viti vya wageni ni vichache, na karo ya udaktari kwa mgeni hupita paundi 30,000 kwa mwaka. Baba yake, muuza vitenge, hakuziweza. Kijana akarudi nyumbani na hati nzuri isiyofungua mlango wowote wa udaktari, akakaa tena darasani kusoma Fizikia pamoja na watoto aliowazidi umri. Kwa hiyo twasema: anayechagua masomo ng'ambo na achague kwa kutazama vyuo viwili, cha huko anakotaka kuingia, na cha nyumbani atakakokimbilia mambo yakiharibika.

Tena yuko anayefikiri kwamba kuomba ni kazi ya mwaka wa mwisho. Uingereza maombi ya udaktari hufungwa katikati ya mwezi wa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na kabla ya hapo yampasa mwombaji afanye mtihani uitwao UCAT, ambao hufanywa kati ya Julai na Septemba. Kisha ataitwa kuhojiwa: kwa nini udaktari, na ameona nini cha kazi hiyo? Asiyepata kukaa na wagonjwa, walau kwa kuwasaidia wazee kula na kuvaa wakati wa likizo, hatakuwa na la kujibu ila maneno ya kitabuni. Marekani ni mbali zaidi, kwani huko hutakiwa shahada ya kwanza kabla ya chuo cha udaktari, kisha mtihani wa MCAT.

Sasa habari ya karatasi. Hati ya mtihani wa sekondari iliyotoka nje hupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania ili ilinganishwe na ya kwetu; shahada ya chuo kikuu cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu. Na majina! Huku kwetu mtoto huitwa Mohamed katika hati ya kuzaliwa, Muhammad katika pasipoti, na shule ya ng'ambo ikaliacha jina la babu kabisa. Watu watatu kwa karatasi, mtoto mmoja. Mambo haya yatengenezwe mtoto angali kidato cha kwanza, si wiki ya kuomba chuo, ambapo hati ya kiapo hutafutwa kwa mbio na kwa fedha.

Mzazi aliyebaki Mchafukoge naye ana kazi. Matokeo ya kidato cha sita cha nyumbani kwa kawaida hutoka Julai, na vyuo huanza kupokea maombi mara. Matokeo ya Uingereza hutoka katikati ya Agosti. Basi tangu Juni aulize chuoni siku za kufungwa kwa kila awamu ya maombi, aziandike, na kumpelekea mwanawe.